Kamba wa pilipili, joto la Februari na mvinyo mweupe: nisaidieni nisiaibike tena

Jikoni_Ruaka · Jumatatu, 20:41

Wadau, hamjambo? Swali langu ni la mtu aliyekwisha kuungua.

Wiki mbili zilizopita shemeji yangu na mkewe walikuja kwetu kula chakula cha jioni. Tunakaa ghorofa ya nne hapa Ruaka, na mabati ya jirani yanaturudishia joto lote la mchana. Kwa hiyo tangu Januari usiku hatugusi ugali na nyama, tunakula vitu vyepesi pale roshani. Nilipika kamba: kitunguu saumu, tangawizi, pilipili mbuzi mbili nilizozikatakata na mbegu zake, tui jepesi, ndimu, dhania juu. Pembeni wali kidogo wa pishori na kachumbari ya embe mbichi. Chakula kilitoka vizuri, hapo sijisifu.

Sasa mke wa shemeji ni mtu wa mvinyo. Nikaenda dukani, nikamwambia kijana anipe mweupe "mzuri kabisa". Akanipa Chardonnay, chupa nzito ile ya kitako kilichobonyea ndani, elfu tatu na ushee. Tukamimina. Kila mtu akala kamba mmoja, akapiga funda moja, meza nzima ikanyamaza. Shemeji akaanza kujipepea mdomo kwa mkono. Pilipili ile ile niliyoionja jikoni nikaona iko sawa, sasa imewaka kama mtu amemwagia mafuta ya taa. Na mvinyo wenyewe ukaacha uchungu wa gome la mti. Tukakimbilia maji, maji nayo hayakufua dafu. Chupa ikabaki nusu.

Jumamosi hii wanarudi, na safari hii mama mkwe yumo. Chakula ni kile kile kwa sababu mume wangu ameshakiahidi. Ninunue nini? Bajeti ni elfu mbili kwa chupa, chupa mbili.

Mtu_wa_Tusker · 20:44

Tusker baridi. Uzi umefungwa.

Jikoni_Ruaka · 20:46

Mama mkwe hanywi bia. Uzi umefunguliwa.

BintiLamu · 21:02

Dada, mimi mvinyo sinywi na wala sitaki kujua, lakini pilipili mbuzi mbili na mbegu zake kwa wageni? Hao ni wageni au wadeni wako? Kwetu ile pilipili unaitia nzima ndani ya tui, inaelea, inatoa harufu yake, kisha unaiopoa kabla haijapasuka. Anayetaka moto unamwekea pembeni kwenye kisosi.

Na ninyi wa bara mnasema "mvinyo" kwa kila kitu. Mvinyo ni pombe kali. Hiyo ya zabibu ni divai.

Wa_Kilimani · 21:10

Hapa Nairobi ukiomba divai watakuelekeza kanisani.

MhudumuMstaafu · 21:57

Jikoni, pole, lakini kosa halikuwa lako, na la pilipili lilikuwa nusu tu. Nilihudumu mezani miaka kumi na tisa, minane ya mwisho nikiwa ndiye ninayefungua chupa, na kisa chako nimekiona hadi nimekichoka. Kama chupa hiyo bado unayo, igeuze usome kiwango cha pombe nyuma. Nabahatisha: 14.

Vitu viwili viliwaunguza. Cha kwanza ni hiyo pombe. Cha pili ni pipa. Chardonnay ya bei hiyo mara nyingi imelazwa kwenye mapipa ya mwaloni. Mbao huipa harufu ya vanila na siagi, ambayo kwa kuku wa kuoka ni raha tupu, lakini huacha pia ukakasi fulani. Ulimi uliokwisha kuchubuliwa na pilipili ukiupaka ukakasi, ndiyo hilo gome la mti ulilolisema.

Kwa chakula chako unatafuta kinyume chake: pombe kidogo, hakuna mwaloni, uchachu wa kutosha, na sukari kidogo iliyobaki.

Najua hapo kwenye sukari watu wataanza kukunja pua. Nairobi imejifundisha kwamba mvinyo mtamu ni wa watu wasiojua kunywa, kwa hiyo mtu anaagiza "dry" kwa sauti ili meza ya pili isikie, halafu anakula kuku wa pilipili akitokwa na machozi. Nimewaona wengi sana. Utamu kidogo ndio unaouzima moto, jinsi embe bivu linavyofanya kwenye biriani, jinsi sukari guru inavyofanya kwenye ukwaju. Ila utamu huo lazima uwe na uchachu wa kuushikilia. Bila uchachu ni dawa ya kikohozi.

Uchachu una kazi nyingine pia. Una ndimu na una embe mbichi. Mvinyo ukiwa na uchachu mdogo kuliko chakula, chakula kinaumeza. Utakunywa maji yenye bei.

Majina mawili: Riesling ya Ujerumani ikiwa utaipata kwa bajeti yako, au Chenin Blanc ya Afrika Kusini, ambayo utaipata bila kuhangaika.

Karen_Kusini · 22:20

Kwa heshima zote, mzee, mvinyo mtamu ni wa kuanzia. Mtu aliyekomaa hunywa mkavu. Sauvignon Blanc, mwisho.

Mtu_wa_Tusker · 22:23

Mvinyo mkavu? Kwani mwingine umelowa? Chai kavu naijua, ni chai isiyo na mandazi. Huo mvinyo mkavu umekosa nini?

MhudumuMstaafu · 22:31

Umekosa hicho hicho, ndugu yangu: sukari. Hamira hula sukari ya zabibu na kuigeuza kuwa pombe. Ikila yote, mvinyo ni mkavu. Ikizuiwa katikati, kuna sukari inayobaki. Chai kavu si mbali.

Na hapo ndipo kuna ujanja wa kusoma lebo hata kama hujui Kijerumani. Kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja hutoa asilimia moja ya pombe. Kwa hiyo Riesling ya bonde la Mosel iliyoandikwa "Kabinett", nyuma ina pombe asilimia 8 au 9, hiyo hamira haikumaliza kazi. Ndiyo unayoitaka. Ukiona nyingine ya kampuni ile ile ina 12 na imeandikwa "trocken", hiyo ni kavu, irudishe kwenye rafu.

Usiutumie ujanja huu kwa kila chupa, lakini. Vinho Verde ya Ureno inaweza kuwa na 9 au 10 na bado ikawa kavu karibu kabisa, kwa sababu zabibu zake huvunwa zikiwa na sukari kidogo tangu mwanzo.

Kaka wa Karen, Sauvignon Blanc nitairudia kesho. Hujakosea kabisa.

Chiromo_Maabara · 23:15

Naongezea kuhusu pombe na pilipili kwa sababu hili ndilo somo pekee nililolipenda chuoni.

Kinachowasha kwenye pilipili kinaitwa kapsaisini. Hakipendi maji, kinapenda mafuta na pombe. Ndiyo maana maji yaliwasaliti, na ndiyo maana mala au maziwa yangewaokoa: maziwa yana mafuta, na yana protini inayokibandua kapsaisini kutoka ulimini.

Kapsaisini haiunguzi kitu kwa kweli. Mdomoni kuna vipokezi vinavyoshtuka joto likifika nyuzi 43 hivi, na kapsaisini huvishtua bila joto lolote. Ubongo unaambiwa "moto!" wakati hakuna moto. Kipokezi hicho kiligunduliwa mwaka 1997 na kikundi cha David Julius huko Marekani, na kazi hiyo ikamletea sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2021.

Sasa sikilizeni hii. Pombe hushusha kizingiti cha kipokezi hicho hicho, kutoka nyuzi 43 hadi karibu 34. Joto la mwili wako ni 37. Kwa hiyo ukinywa pombe kali juu ya pilipili, hata mate yako mwenyewe unayahisi ni moto. Kadiri pombe ilivyo nyingi ndivyo mambo yanavyoharibika. Jikoni, asilimia 14 juu ya pilipili mbuzi mbili ni jaribio ambalo sisi tungeombea kibali.

BintiLamu · 23:21

Na mbegu zake.

Chiromo_Maabara · 23:24

Mbegu zenyewe hazina kitu, ni ile nyama nyeupe inayozishikilia ndiyo yenye moto. Lakini dada uko sahihi kwa matokeo.

Mtani_Dodoma · Jumanne, 07:38

Wakuu habari za asubuhi. Mimi ni Mtanzania niko hapa South B mwaka wa tatu. Mbona mnakimbilia Ujerumani wakati jirani yupo? Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, mambo ambayo huko Ulaya hayapo, na nyeupe tunayotengeneza nyingi inatokana na hiyo hiyo Chenin. Na huku tunaiita divai, BintiLamu pokea salamu.

BintiLamu · 07:50

Zimefika. Mwungwana anajulikana kwa maneno yake.

Wa_Kilimani · 08:05

Ya hapa kwetu mnaisahau? Leleshwa, zabibu za upande wa Naivasha, juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Wana Sauvignon Blanc. Jina ni la kile kichaka cha majani ya kijivu chenye harufu nzuri huko Bonde la Ufa.

Na ukitaka sherehe, Jikoni, nunua yenye mapovu. Chukua ile iliyoandikwa "extra dry", ndiyo kavu kuliko zote.

MhudumuMstaafu · 09:12

Hapana, hapo lebo imekudanganya, na si wewe peke yako. Kwenye mvinyo wa mapovu, "brut" ina sukari isiyozidi gramu 12 kwa lita. "Extra dry" ina 12 hadi 17, yaani ni tamu kuliko brut. "Demi-sec" inafika 32 hadi 50. Aliyezipanga hivyo hakuwahi kuuza rejareja.

Kwa bahati, kosa lako lingemsaidia Jikoni. Ila mapovu yenyewe huchomachoma, na ulimi wenye pilipili huyahisi maradufu. Wengine wanaipenda ile. Mama mkwe simjui.

Sasa Sauvignon Blanc. Ina harufu ya majani yaliyokatwa, karakara, na pilipili hoho mbichi. Hiyo ya hoho si mashairi: kemikali inayotoa harufu ile iko kwenye hoho na iko kwenye zabibu hizo pia. Kwa kachumbari ya embe mbichi, ndimu na dhania, hakuna mvinyo unaoishinda, na ya Naivasha itafaa. Tatizo linaanza kamba wanapofika mezani. Ni kavu, kwa kawaida pombe yake ni 12.5 au 13, haina kitu cha kuuzima moto. Kwa hiyo Jikoni, kama una chupa mbili: Sauvignon wakati watu wamesimama wanachokoa kachumbari na kupigwa na upepo, Chenin mnapokaa.

Chenin asili yake ni bonde la Loire, Ufaransa, lakini siku hizi Afrika Kusini ndiyo yenye mashamba mengi ya zabibu hiyo kuliko nchi yoyote. Waliiita Steen kwa muda mrefu. Huko Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, ndiko Jan van Riebeeck, Mholanzi aliyeanzisha makazi ya kwanza ya Waholanzi pale, alikoandika kwenye shajara yake tarehe 2 Februari 1659 kwamba mvinyo wa kwanza umekamuliwa, kwa hiyo hata mwezi mmeupatia.

Onyo: Chenin ina sura nyingi. Kuna kavu kabisa, kuna ya mwaloni (usiiguse), kuna yenye utamu kidogo. Soma nyuma. Ukiona "barrel" popote, weka chini. Ukiona "off-dry" au "semi-sweet" na pombe chini ya 12.5, chukua.

Karen_Kusini · 09:40

Na Gewürztraminer? Kila kitabu kinasema ndiyo ya chakula cha pilipili.

MhudumuMstaafu · 09:58

Vitabu vinaipenda kwa sababu inanukia waridi na tangawizi, mwandishi anaona imefanana na chakula. Lakini kufanana kwa harufu hakuzimi moto. Nyingi zina pombe ya 13.5 hadi 14 na uchachu mdogo. Kwa chakula chenye viungo visivyowasha, iliki, mdalasini, nitakufungulia mwenyewe. Kwa pilipili mbuzi, hapana.

Jikoni_Ruaka · Alhamisi, 22:16

Nimerudi na ushahidi. Leo nilipika kikombe kimoja tu cha mchuzi, bila kamba (kamba nitawachukua City Market Jumamosi asubuhi wakiwa na barafu yao), nikanunua chupa mbili: Chenin ya Afrika Kusini, imeandikwa semi-sweet, pombe 11.5, shilingi 1,250. Na Sauvignon Blanc, 1,600. Ile Chardonnay bado ilikuwa kwenye friji. Nimeigeuza: 14. Mzee, ulikuwa umeiona?

Nikakaa na mume wangu, glasi tatu kila mtu, mchuzi kwenye kijiko cha chai. Kijiko, funda, subiri, mala kidogo, rudia.

Chardonnay: yale yale, safari hii nilijua nimtafute mwizi wapi. Inaanza nzuri, siagi, halafu sekunde kama tatu baadaye moto unapanda kutoka nyuma ya ulimi kwenda mbele.

Sauvignon: na embe mbichi na chumvi, jamani. Nilimaliza embe. Na mchuzi inapigana, inakata harufu ya tui ikaniacha na pilipili peke yake.

Chenin peke yake sikuipenda. Nilimwambia mume wangu hii ni ya watoto. Halafu baada ya kijiko cha mchuzi ikageuka. Utamu ule ukapotea, sijui ulienda wapi, ikabaki kama pea na ndimu, na tui likarudi. Pilipili ilikuwepo, naisikia, lakini imekaa chini kwa adabu. Mume wangu, ambaye haongei sana, alisema "ehe".

Chiromo_Maabara · 22:30

"Ehe" hiyo ichapishwe kwenye jarida.

Karen_Kusini · 22:48

Nimesoma. Nina Chenin ya namna hiyo niliyopewa zawadi Krismasi nikaificha nyuma ya kabati. Kesho nina kuku wa pilipili. Sitasema zaidi.

MhudumuMstaafu · 23:05

Vizuri sana. Sasa baridi, maana hapo ndipo kazi yote huharibikia. Friji ya nyumbani iko kama nyuzi 4, ni baridi kupita kiasi kidogo, harufu inalala. Unataka 7 hadi 10. Toa chupa dakika kumi kabla. Lakini kwenye roshani yenye nyuzi 26, glasi iliyojaa itakuwa vuguvugu kabla hujamaliza hadithi, na mvinyo mweupe wenye joto unanuka pombe na utamu unakuwa mzito. Mimina kidogo kidogo, theluthi ya glasi. Chupa ikae kwenye ndoo ya barafu NA maji. Barafu peke yake inagusa chupa hapa na pale tu, maji ndiyo yanayoikumbatia. Ukiwa na haraka ongeza konzi ya chumvi, dakika kumi na tano zinatosha.

Na usiweke kwenye friza ukasahau. Nimezoa vigae vya chupa mara moja, inatosha.

BintiLamu · 23:12

Na asiyekunywa, na anayeendesha gari? Chemsha ukwaju, chuja, sukari guru kidogo, tangawizi, chumvi ya kuonja, uweke baridi. Una uchachu wenu, una utamu wenu, pombe sifuri. Kwa hesabu zenu zote huo ndio ulioshinda.

MhudumuMstaafu · 23:15

Sina la kujibu. Ni kweli.

Jikoni_Ruaka · Jumapili, 11:20

Ripoti.

Saa kumi na mbili jioni stima ikapotea mtaa mzima. Friji kimya, chupa zilikuwa zimeingia saa moja tu iliyopita kwa sababu ya uzembe wangu. Nilikuwa na barafu ya kamba kutoka City Market, nusu mfuko, inanuka bahari. Nikaitia kwenye ndoo ya kudekia (mpya, msiniangalie hivyo), maji, konzi mbili za chumvi, chupa zikazama hadi shingoni. Dakika ishirini. Mke wa shemeji aliposhika ile ya kwanza alisema "mmenunua mashine ya baridi?" Nikamwonyesha ndoo. Chupa nilizifuta kwa ndimu ili zisinuke.

Mishumaa, kachumbari, Sauvignon ya kusimama. Pilipili mbuzi moja, nzima, niliiopoa ikiwa haijapasuka. BintiLamu, harufu yake nimeielewa jana. Nyingine niliikata nikaiweka kisosini.

Mama mkwe alianza na ukwaju. Alipoona mke wa shemeji anajiongezea Chenin mara ya pili, akasema atie kidogo tu aonje na kamba. Akala kamba, akanywa, akala mwingine. Halafu akavuta kisosi cha pilipili upande wake. Huyu ni mama ambaye ananiambia chakula changu kina viungo vingi tangu nilipoolewa.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani ya wali mkononi na sikutaka kusogea. Akauliza chupa hiyo inauzwa wapi, nikamwambia. Bei nilimtajia ya Sauvignon.

Mke wa shemeji ndiye aliyekuwa aendeshe gari kurudi, alikuwa amekunywa hizo mbili mapema kisha akahamia ukwaju. Nikasema hapana, gari lilale, tukawaitia teksi. Leo asubuhi wamekuja kulichukua na mama mkwe ametuma chombo changu cha plastiki kikiwa na viazi karai ndani. Hajawahi kurudisha chombo kikiwa na kitu.

Mtu_wa_Tusker · 11:26

Hongera. Lakini nauliza kwa niaba ya taifa: hakuna hata mmoja aliyekunywa bia?

Jikoni_Ruaka · 11:29

Shemeji. Mbili, na zilikuwa kwenye ndoo ile ile.